Mkono wa Kulia

Kushika kamba nilijifunzia ng'ambo nilikokwenda kusoma, kwenye genge la mawe ya mchanga ambalo rafiki yangu alilipanda kila Jumamosi. Anayepanda huchomeka vyuma vyake mwenyewe kwenye nyufa na kupitisha kamba humo. Wa chini anashika kamba ili amzuie akiteleza, basi. Sheria ni moja: mkono wa kulia hauachi kamba, hata nyuki wakija. Alinirudia hiyo mpaka nikamchoka.

Mwaka juzi akaja kunitembelea kwetu, karibu na Kolo. Wageni wengine huja kutazama michoro ya mapangoni. Yeye alitazama mwamba mtupu ulio nyuma ya alizeti zetu, akasahau hata chai yake. Nilimwambia wetu si wa mchanga, nyufa zake ni chache. Akasema unapandika.

Alikuwa juu, usawa wa paa la kanisa, anahangaika na ufa, nami chini nimeshika kamba, shangazi yangu alipotokea shambani. Ndiye aliyenilea. Alikuwa Dodoma kwa matibabu, na sikuwa nimemwona kwa miezi mingi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Akaninyooshea mkono.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu, lakini wa kushoto haupewi mtu mzima, sembuse huyu. Ningemwambia asubiri, angesubiri. Si mtu wa makuu. Sikufikiri. Nikampa wa kulia, wa kushoto nikauegemeza chini ya kiwiko, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Rafiki yangu akateleza.

Kamba ikakimbia. Niliidaka kwa mikono yote miwili, ikanichuna viganja, na ilipokaza yeye alishagonga chini na mguu umevunjika. Nilitaka kumsaidia, sikujua hata pa kumshika. Nilikaa kwenye mchanga nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, huku shangazi akivua khanga amfunge mguu.

Hospitalini rafiki yangu aliona bandeji zangu kabla hajauliza habari za mguu wake. Hakuwa ameona lolote kule juu, uso wake ulikuwa kwenye jiwe. Akamwonyesha muuguzi, akamwonyesha na mgonjwa wa kitanda cha pili. Kisha akatugeukia mimi na shangazi, macho yamejaa machozi, akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hajui:

"Mwambie shangazi yako hukuniachia. Kamba imekula nyama ya mikono yako na hukuniachia."

Nilijua la kusema. Lakini nikilisema, hata kwa Kiingereza, shangazi atauliza maana yake, na kumweleza ni kumwambia kwamba salamu yake ndiyo iliyomvunja mgeni, na kutolisema ni wizi.

"Anasema nini?" shangazi akauliza.

"Anasema sikumwachia."

Shangazi aliangalia bandeji zangu, kisha mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Mwambie tunamshukuru Mungu," akasema, akatoka nje.