Sufuria Mbili za Vuli

Mvua za kwanza za vuli zikishanyesha Butiama, ardhi inalainika mpaka jembe linaingia lenyewe, na hapo ndipo viazi vitamu vilivyosahaulika hujitokeza. Unavuna mwezi wa saba, unaapa umemaliza, kumbe vingine vimebaki chini vimelala zao. Mama yetu alikuwa akivifukua wakati wa kuandaa matuta mapya, anavipika na nyama ya nguruwe na papai bichi, mara moja tu kwa mwaka. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo ulioloa, mate yananijaa mdomoni. Ninakuwa kama nimesinzia huku nimesimama. Ninaona moshi nyuma ya nyumba, ninauona mgongo wa mama ameinamia moto, na nikiita haitiki.

Mwaka huu baba alinipigia simu. Mimi nakaa Musoma, mtaa wa Mwisenge, nina kibanda changu cha vitenge. Baba akiongea kwenye simu utadhani anaogopa kuichosha. Akasema mvua imenyesha, viazi vipo. Kisha akasema, "Nataka niwaone mnakula sinia moja, wewe na mdogo wako. Kabla sijamfuata mama yenu. Hilo tu."

Nilikaa chini katikati ya vitenge vyangu, mteja ananiuliza bei, mimi simsikii.

Mdogo wangu ameolewa Bunda, kwa wakulima wa pamba. Alipoolewa aliingia kanisa la mumewe, wale wanaoshika Sabato, na kwao nguruwe ni marufuku. Hata sufuria iliyompika hawaigusi. Sisi nyumbani ni Wakatoliki, na kwetu nguruwe ni sherehe. Kwenye msiba wa mama alikuja na kapu lake la chakula, akala peke yake chumbani, na hapo ndipo tulipotupiana maneno mbele ya mashangazi, kila mmoja akiona mwenzake ana dharau. Tangu siku hiyo tukawa watu wa salamu tu, tena za simu. Tumbo moja, jamani, na ziwa moja tulinyonya.

Nikampigia.

"Nitakuja, dada," akasema. "Lakini nitakuja na sufuria yangu."

"Njoo hata na maji yako na kuni zako!" Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia kufika. Ila nilimsikia akicheka kidogo upande wa pili, na kile kicheko nilikaa nacho wiki nzima.

Tulikubaliana Jumapili. Asubuhi nikapita buchani, nikachagua mwenyewe kitimoto, ile nyama ya nguruwe, mbavu zenye ngozi na mafuta yake, nikafunga vizuri, nikaondoka. Njia nzima kulikuwa na manyunyu. Nilipofika Butiama ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mawe makubwa nyuma ya nyumba yetu, na shambani nikamwona mtu amepiga magoti, mikono imezama kwenye tuta. Nilisimama. Kwa sekunde moja niliapa ni mama.

Alikuwa mdogo wangu, amefunga kitambaa kichwani vile vile kama mama.

Sikusalimia. Nilipiga magoti upande wa pili wa tuta, nikaingiza mikono na mimi. Udongo ulikuwa wa vuguvugu ndani, baridi juu. Tukachimba mpaka vidole vyetu vikakutana kwenye kiazi kimoja.

"Hicho changu," akasema.

"Chako? Mimi ndiye niliyekishika kichwa."

"Mimi nimeshika mkia. Vuta tuone."

Tukavuta, kikakatika. Tukacheka mpaka baba akatoka nje kuangalia kuna nini, fimbo mkononi, shati la kanisani limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Tuliwasha mioto miwili nyuma ya nyumba, mafiga yake kule, yangu huku. Yeye aliweka yake upande unaotoka upepo, ili moshi wangu usimfikie. Niliona, nikavuta mdomo, lakini siku hiyo nilikuwa nimeapa kujikaza. Sufuria yangu ikaingia nyama, nikaiacha ijikaange kwa mafuta yake mpaka ngozi ikawa ya kahawia, vitunguu, tangawizi, ndimu, halafu vipande vya papai bichi ili ilainike, mwishoni viazi na mihogo. Yake ikaingia viazi vile vile, mihogo ile ile, papai lile lile, kwa mafuta ya alizeti. Viazi vidogo visivyomenyeka akavifukia kwenye majivu ya moto wake, kama mama alivyokuwa akitufanyia tukiwa wadogo, ili tusimsumbue tukisubiri.

Saa zikayeyuka. Manyunyu yalikuja na kuondoka. Mvuke wa sufuria yangu na wa sufuria yake ulipanda, ukakutana huko juu ambako hakuna wa kuutenganisha. Baba alikaa kwenye kiti chake katikati ya mioto miwili, macho nusu yamefumba. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu tumzike mama, na niliogopa kusogea nisije nikaimwaga.

Sasa, lipo jambo moja kwenye chakula hiki ambalo lilikuwa la baba. Mama hakumruhusu kugusa kitu jikoni, ila chakula kikikaribia kuiva alimwita, "Baba watoto, njoo umalizie." Baba akachukua upawa, akachota mafuta yaliyoelea juu ya nyama, akavimwagia viazi ving'ae. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na aliifanya kama padri.

Mimi nilikuwa nimeingia ndani kuchukua sinia. Mdogo wangu alikuwa kwenye pipa ananawa. Nilipotoka, nikamwona baba amesimama, upawa mkononi, anatabasamu. Alikuwa ameshamwagia sufuria yangu. Sasa alikuwa anamalizia ya pili. Mafuta ya nguruwe yanang'aa juu ya viazi vya mdogo wangu.

"Baba!" nikapiga kelele.

Akageuka. Akatazama upawa, akatazama sufuria, akamtazama mwanawe wa pili. Nilimwona akielewa, uso ukimshuka taratibu.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi nimefanya nini? Mama yenu aliniita. Nilisikia kama ameniita."

Nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza mtu, sikujua nani. Nilikuwa nalisubiri kapu, kama lile la msibani. Nilijua sasa mdogo wangu ataingia ndani, atachukua kapu lake, ataondoka, na baba atakufa hajaona alichoomba.

Mdogo wangu alikuja na mikono yake iliyolowa. Akanyoosha mkono, akaupokea ule upawa, wenye mafuta hivyo hivyo, akauweka chini.

"Umemalizia vizuri, baba," akasema. "Ndivyo mama alivyokuwaga anataka."

Kisha akachutama kwenye moto wake, akachukua kijiti, akaanza kufukua majivu. Kiazi kimoja. Kingine. Vidogo, vyeusi, vimepasuka pembeni asali inatoka. Hapo nikaelewa. Nikafunika sufuria zote mbili, nikakimbia ndani, nikaleta papai bivu lililokuwa dirishani, nikalipasua.

Tulikula sinia moja, sisi watatu. Viazi vya majivu na papai. Vidole viligongana na midomo ilikuwa myeusi. Mara mdogo wangu ananinyang'anya kiazi nilichokwisha kukimenya, mara mimi namrudishia kofi la mkononi. Baba alikula kidogo sana. Alikuwa anaangalia mikono yetu.

Ile nyama niliila kesho yake Mwisenge na majirani, na siwezi kudanganya, ilikuwa tamu.

Jioni ile ya Jumapili mdogo wangu alimwaga vile viazi vyake kwenye sufuria yangu, akachota majivu na mchanga, akakaa chini kusugua. Nilimwambia aache, nitamnunulia nyingine. Hakunisikiliza. Alisugua, akasuuza, akasugua tena, mpaka sufuria ikang'aa. Nilidhani anaiandaa kubeba. Akaingia nayo jikoni, akaitundika kwenye msumari wa mama, ambao haukuwa umetundikwa kitu tangu msiba.

"Ikae hapa," akasema. "Mungu aliona baba hakukusudia. Vuli ijayo sitaki kubeba mzigo kutoka Bunda."

Nikasema la kijinga, kama kawaida yangu. "Na ule upawa?"

"Upawa ufiche," akasema. "Baba asiuone."

Tulidhani baba amelala kwenye kiti chake. Macho yalikuwa yamefumba, ila mabega yalikuwa yanatikisika, anacheka.