Nahodha Aliyeondoka Saa Saba

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi. Nyuma ya bandari ya Bujumbura, Ilyasi Hamimu amepiga magoti ndani ya boti yake, anafuta mafuta ya mawese yaliyomwagika. Jana alishusha madumu sitini kutoka Rumonge, na moja lilipasuka njiani. Anafuta kwa gunia, anakamua, anafuta tena. Harufu haitoki kwenye mbao.

"Zamani hapa walikuwa wanalala watalii," anasema, akionyesha mahali palipokuwa na vitanda vinane. "Kila kitanda na chandarua chake, na drapu nyeupe ya kulalia. Sasa ni dumu na ndagala, dagaa wa hapa."

Ilyasi ana miaka hamsini na miwili. Ni mzaliwa wa Buyenzi, mtoto wa fundi wa mashine, na amekuwa nahodha wa boti hii tangu mwaka 1984. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kuwapeleka wageni kutazama wanyama wa ziwa.

Safari ilichukua siku tatu. Kwanza walikwenda kwenye mdomo wa mto Rusizi, ambako viboko hukaa. Ilyasi alizima mashine na kuiacha boti isogee yenyewe, wageni wakinong'ona. Siku moja alihesabu viboko arobaini na mmoja. Mwezi uliopita, alipopita karibu na hapo, aliona sita. Wengine wameliwa na watu wenye bunduki, wa kila upande wa vita.

Kutoka Rusizi walielekea kusini, kwenye miamba iliyo mbele ya Rumonge, ambako maji ni maangavu kama kioo. Hapo wageni walivaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakalala kifudifudi juu ya maji kutazama samaki wa rangi rangi wanaoishi kati ya mawe.

Hiyo haikuwa kazi ya Ilyasi. Ilikuwa kazi ya Méthode.

"Mi sijui kuogelea vizuri, mpaka leo," anasema nahodha huyo. "Méthode ndiye alikuwa mutu wa maji. Mugeni anaogopa, anashika ukingo wa boti hataki kuachia. Méthode anaingia kwanza, anamupa mikono miwili, anamwambia tazama macho yangu, usitazame maji. Baada ya dakika kumi yule mugeni hataki tena kutoka."

Walifanya kazi pamoja miaka saba. Ninapomuuliza Méthode alikuwa wa upande gani, Ilyasi anaacha kufuta.

"Apana, hilo usiniulize. Alikuwa mwenzangu. Andika hivyo."

Safari yao ya mwisho iling'oa nanga Jumanne, tarehe 19 Oktoba 1993. Ndani kulikuwa na wageni saba, Ilyasi, Méthode, na mpishi wao, Epiphanie. Alhamisi asubuhi walikuwa kwenye miamba ya kusini. Epiphanie alifungua redio akichemsha chai, na redio ya Bujumbura ilikuwa kimya. Akatafuta ya Rwanda. Ndipo wakasikia kwamba wanajeshi wameipindua serikali. Baadaye wakasikia kwamba rais ameuawa.

Walibaki pale pale siku nzima, bila kujua waende wapi. Ijumaa kulipokucha, moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye milima iliyo juu ya ziwa, sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Mmoja wa milima hiyo ulikuwa wa kina Méthode. Mke wake alikuwa huko, na watoto wawili: Laure mwenye miaka sita, na mdogo wake ambaye alikuwa bado ananyonya.

"Alikuja nilipokuwa nimeshika usukani," Ilyasi anasimulia. "Akaniambia, muniweke ufukweni, niwalete. Nikamwambia, kutoka hapa mpaka kwenu ni saa ngapi? Akasema kupanda ni saa mbili, na kurudi na watoto ni zaidi. Ilikuwa saa nne. Nikamwambia, nakusubiri mpaka saa tisa. Akanishika mkono. Akaruka."

Wageni hawakupinga. Mmoja wao, mzee wa kutoka Ubelgiji, alimpa Méthode viatu vyake, kwa sababu Méthode siku zote alikuwa pekupeku kwenye boti.

Saa sita na nusu kundi la wanaume lilishuka kwenye ufuko. Walikuwa kama ishirini, wenye mapanga na marungu. Walisimama wakaitazama boti. Wawili wakaanza kuusukuma mtumbwi wa mvuvi kuelekea majini, kisha wakauacha. Ndani ya boti mama mmoja alianza kulia, mume wake akapaza sauti kwamba waondoke. Yule mzee alisema wasubiri. Wengine walikuwa wakimtazama nahodha.

Saa saba Ilyasi alivuta nanga.

"Hawakuwa na bunduki," anasema. Sauti yake haipandi wala haishuki. "Hawakututupia hata jiwe. Ningeweza kusogea kwenye maji mengi, nikasubiri huko. Ziwa ni pana. Hilo nililiwaza tulipofika Bujumbura. Pale sikuwaza kitu, niliogopa."

Epiphanie, ambaye sasa anauza maharagwe sokoni Mutakura, anaikumbuka safari hiyo ya kurudi kwa namna yake. "Nilikuwa nimemtengea Méthode chakula chake kwenye sahani. Nilijua tunamwacha. Sikufungua mdomo. Watu wanasema Ilyasi ndiye aliondoka, lakini na mimi nilikuwa ndani."

Vita vilivyofuata havijaisha mpaka leo, mwaka 2004, ingawa makubaliano ya mwaka jana yamenyamazisha sehemu kubwa ya bunduki. Watalii hawakurudi. Mwenye boti aliondoka nchini mwaka 1995, akamwachia Ilyasi funguo. Ilyasi aling'oa vitanda, akaanza kubeba ndagala, mawese, na watu waliokuwa wakikimbia. Kila njia ya kusini ilipofunguka, alitia nanga mbele ya ufuko ule, akauliza habari za Méthode. Hakuna aliyemjibu. Watu wa zamani walikuwa wamekufa, au wako kambini, au walikuwa wanaogopa mtu anayeuliza maswali.

Jibu lilikuja lenyewe, mwezi wa tatu mwaka huu.

Huko Rumonge abiria walikuwa wakipanda boti. Kati yao alikuwepo mama mzee anayeitwa Consolée, mkaushaji wa samaki, akihamia Bujumbura kwa ndugu zake wa Carama. Alikuwa na msichana. Msichana huyo alisimama ufukweni akitazama kiboko aliyechorwa kwenye pua ya boti, hakutaka kupanda.

"Alisema, hii ni boti ya papa, yaani baba yake," Ilyasi anakumbuka. "Nikamuuliza, papa wako ni nani? Akataja jina. Nikakaa chini palepale kwenye magunia."

Laure sasa ana miaka kumi na saba. Ni mrefu, anaongea polepole, na anachagua maneno yake. Siku ile ya Oktoba, anasema, baba yake alimkuta amejificha peke yake kwenye shamba la mihogo. Mama na mdogo wake walikuwa wamekimbilia upande mwingine. Méthode alimbeba mgongoni mpaka ziwani.

"Tulifika, boti ilikuwa imekwenda mbali. Ilikuwa ndogo hivi," anasema, akionyesha ncha ya kidole. "Papa alivua shati, akapunga. Alipunga sana. Halafu akaacha, akavaa shati lake. Hakusema kitu kibaya. Alinipeleka kwa mama Consolée, akaniambia nikae humo ndani ya banda la samaki, anakwenda kumtafuta mama."

Hakurudi. Consolée ndiye aliyemkuta, siku mbili baadaye, chini ya mlima. Yeye na wanawake wengine wawili walimfukia hapohapo, kando ya shamba la michikichi, kwa jembe la kuazima. Alikuwa bado amevaa viatu vya yule mzee wa Ubelgiji. Mke wake na mtoto hawakuonekana tena.

Ndani ya boti, wakiwa katikati ya ziwa, Ilyasi alimwambia Laure kila kitu. Angeweza kunyamaza, msichana hakujua kwamba kulikuwa na ahadi ya saa tisa.

"Aliniuliza, kwa nini uliondoka? Nikamwambia, niliogopa, mwanangu. Sikumutajia wageni, sikumutajia wale watu wa mapanga. Akaenda kukaa nyuma. Tulipofika Bujumbura akashuka, hakuniaga."

Wiki tatu zikapita. Kisha Jumamosi moja Laure alikuja kwa miguu kutoka Carama, akasimama kando ya boti, akauliza baba yake alikuwa akifanya nini hasa humu ndani.

Tangu siku hiyo anakuja karibu kila Jumamosi. Ilyasi anamsimulia: jinsi Méthode alivyowapa samaki majina ya watu wa mtaani kwao, jinsi alivyoimba vibaya na hakujali, jinsi alivyomnunulia binti yake kandambili nyekundu akazibeba safari nzima mfukoni. Kandambili hizo Laure anazikumbuka. Mengine yote yalikuwa mageni kwake.

Nilimuuliza kama amemsamehe nahodha.

"Sijamsamehe. Wala simchukii," alisema. "Ni mutu mumoja tu aliyebaki anayemujua papa vizuri. Nikimuacha, papa ataisha kabisa."

Ilyasi, anapoambiwa maneno hayo, anatikisa kichwa kukubali. "Amesema sawa. Mi sikumuomba zaidi."

Mwezi ujao, wa nane, kabla ya mvua, wote watatu watakwenda kusini: Ilyasi, Laure, na Consolée, ambaye ndiye pekee anayejua mahali penyewe. Epiphanie ameomba nafasi pia. Njia ya ziwa imetulia, na Consolée anasema shamba la michikichi bado lipo. Wanataka Méthode awe na kaburi linaloonekana.

Msalaba unatengenezwa Buyenzi, kwenye karakana ya Massoudi, seremala ambaye maisha yake yote ametengeneza vitanda na milango. Ni Mwislamu kama Ilyasi, na ilibidi aende kanisani kupima msalaba kwa kamba, ili asikosee vipimo. Ametumia mbao za mvule.

Jumamosi hii mchana, Ilyasi na Laure wanafika karakanani. Jina limeshachongwa, herufi saba, na Massoudi amesimama na patasi mkononi, anasubiri kuambiwa mwaka wa kuzaliwa.

Ilyasi anamtazama Laure. Laure anamtazama Ilyasi. Hakuna anayeujua.

"Nimefanya naye kazi miaka saba," nahodha anasema taratibu, "sikumuuliza."

Massoudi anasema anaweza kuacha nafasi, kama siku moja watapata mtu wa kuwaambia. Laure anapitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine, akiondoa vumbi la mbao.

"Usiache nafasi," anamwambia seremala. "Chini yake andika, papa wa Laure."