Udongo Kwenye Kucha za Mama

Nikisikia harufu ya udongo uliokandwa kwa maji, mwili wangu hukumbuka uchovu kabla kichwa hakijakumbuka lolote.

Mwaka ule wa lockdown ya korona, harufu hiyo ilijaa jikoni kwetu Minto, pembezoni mwa Sydney. Mdogo wangu Furaha alikuwa amepewa kazi ya shule: kufinyanga mfano wa mji wa kale wa Waiberia, watu walioishi Hispania zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, juu ya kilima, ndani ya ukuta wa mawe. Alichota udongo uani akajenga ukuta, minara, na nyumba zilizobanana kama zile za kambi ya wakimbizi tulikotoka. Amani, kitinda mimba wetu, aliweka dinosa lake la plastiki langoni.

"Askari," alisema. Hakuna aliyembishia.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, nami niliacha shule nikaenda kupakia maboksi ghalani. Nilichoka, ndugu zangu, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Familia moja ya kanisani kwetu, ya kule Blacktown, ilijitolea kuwachukua wadogo zangu wote wawili. Watu wema kabisa. Nilikubali. Wangekuja Jumamosi. Mabegi yalikuwa tayari chini ya kitanda changu, na watoto hawakujua.

Furaha alisoma karatasi ya mwalimu, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba wachimbaji walikuta vichanga vimezikwa chini ya sakafu za nyumba, kando ya ukuta. Hawana hakika kwa nini.

"Dada, si inatisha?"

Niliacha kusugua sufuria.

Nyumba yetu ya kambini, Kigoma, ilikuwa na kona moja karibu na mafiga ambayo Mama aliisiriba upya kila Jumamosi, kabla ya kugusa pengine popote. Hatukuruhusiwa kumwaga maji pale, wala kuweka ndoo. Nikiuliza, alijibu, "Mwenye nyumba ndiye anayejua panapovuja." Siku ya kuondoka kuja huku, basi likiwa linanguruma, alinifunga Amani mgongoni, akateremka, akarudi nyumbani. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Nilikuwa na miaka kumi, na watu walitucheka: "Huyu mama amesahau mwiko wake." Alirudi na udongo kwenye kucha, na hakuutoa hata ndani ya ndege. Nilimnunia mpaka Sydney.

Nilimpigia Mama Mdogo, aliyebaki kambini.

"Pale konani, karibu na mafiga, kuna nini?"

"Nani alikuambia?"

"Watu wa Hispania."

"Na wao wanajua?" Akaguna. Kisha akasema, polepole, "Alikuwa mtoto wa kiume. Alimaliza siku tatu tu duniani, mwaka mmoja mbele ya wewe kuzaliwa. Mvua ilikuwa inanyesha, makaburi mbali. Mama yako alikataa alale kule peke yake. Alisema atalala na sisi."

Kumbe sikuwa wa kwanza. Kabla yangu kulikuwa na mkubwa mwingine, na mimi nilikuwa nimeshika nafasi yake tu.

Jioni ile nilipiga simu Blacktown nikawashukuru, nikasema wasije. Mama wa nyumba ile aliniuliza kama nitaweza. Nilimwambia sijui. Nikavuta mabegi, nikaanza kurudisha nguo kabatini.

"Unatafuta nini?" Furaha aliuliza mlangoni, mikono imejaa udongo.

"Soksi."

Sikupata nguvu mpya. Jumatatu nilirudi kwenye maboksi na mgongo ule ule, na miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Lakini sasa naelewa alichokirudia Mama. Hakusahau kitu. Alikwenda kumfunika vizuri mwanawe, maana huyo hakuweza kumpandisha basi. Sisi watatu alitupandisha wote.