Vipimo Vilivyofutika

Mdogo wangu alipiga simu asubuhi, nikiwa nimeinama kwenye meza ya kukatia na chaki mkononi. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Dada, kwako vipimo vipo?"

Tulikuwa na maduka mawili ya ushonaji, langu Tabora mjini na lake Bukene, na tulishaachana na kuandika vipimo kwenye makaratasi. Tuliviweka kwenye programu ya mtandaoni: jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na picha ya mshono alioutaka. Yeye akiandika kule, mimi naona huku hapo hapo. Mteja aliyepimwa Bukene aliweza kuchukua gauni lake Tabora bila kuguswa tena na futi kamba.

Nilifungua kompyuta. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Kwangu hamna kitu," nilimwambia.

Akaanza kulia. Simu yake ilikuwa imejaa, inakataa hata kupiga picha, akafuta mafaili ya wateja akiamini kwamba yale ya kwenye kompyuta yangu yangebaki. Simu ilipomwambia bado nafasi haitoshi, akafuta na yaliyokuwa kwenye kikapu cha taka. Hakujua kwamba simu yake na kompyuta yangu vinasomana, na kwamba kinachofutwa kwake kinafutwa na kwangu. Niliwaandikia wenye programu. Walijibu kwa upole kwamba wanasikitika, kikapu kikishamwagwa hakuna cha kurudisha.

Siku iliyofuata hakupokea simu. Mteja mmoja wa Bukene akanipigia kuniambia duka limefungwa. Nilifunga la kwangu, nikapanda treni ya Mwanza inayopita Bukene.

Nilimkuta nyumbani kwake anamenya karanga, macho yamevimba.

"Mbona hujafungua duka?"

"Nitawaambia nini watu, dada? Wamelipia nguo na sina hata kipimo kimoja cha kukatia."

"Utawaambia tunawapima upya. Vaa viatu."

"Wote?"

"Wote. Tunaanza na kwaya ya Choma."

Kwaya hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Mdogo wangu alikuwa ameifuata huko huko Choma kuwapima waimbaji, vitambaa vimeshanunuliwa, na uzinduzi wa kanisa lao ulikuwa umekaribia. Nilijua kumpigia simu kiongozi wao kungetuletea matusi tu, na matusi ya simu hayana mwisho. Ilibidi atuone usoni.

Tulimkuta kiongozi wa kwaya nje ya kanisa, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeleta majoho yetu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Mdogo wangu akanitangulia. "Hapana, mama. Vipimo vyenu vimepotea. Nilivifuta mimi bila kujua. Nimekuja kuwapima tena, na ukiniruhusu nitaanza na wewe."

Yule mama alijishika kiuno. "Mlitupima, mkatupoteza?"

"Ndiyo, mama."

"Na mkitupoteza tena?"

Hapo nilijibu mimi. Nilimwambia hatutawapoteza tena, nikalisema kwa nguvu, ingawa wakati ule sikuwa na hata fununu ya namna ya kulizuia. Aliguna, akainua mikono yake miwili apimwe kifua. Waliobaki walipanga foleni kwenye mabenchi, wakacheka na kutaniana kuhusu nani amenenepa. Mwimbaji mmoja alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, tukamwachia joho lake nafasi ya kutosha. Mdogo wangu alipima, mimi nikaandika. Njia nzima ya kurudi niliwaza ahadi niliyoitoa.

Mwenye duka la vitambaa lililo jirani na langu Tabora ni mwanamke wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Nilimweleza yaliyotupata. Akaniambia ninunue diski ya nje, niwe nanakili humo kila kitu. Nilinunua, nikanakili folda nzima ya vipimo vipya tulivyokwisha kuviingiza kwenye programu, nikampelekea kwa furaha. Hakuipokea hata kwa mkono.

"Zima intaneti," alisema, "halafu fungua hiyo kitu mbele yangu."

Nilizima. Majina ya mafaili yalikuwepo yote. Nilipobonyeza la kwanza, kompyuta ikaniambia niunganishe mtandao. La pili vilevile.

"Unaona? Umenakili viungo tu, anwani za kuyafikia mafaili. Vitu vyenyewe bado viko kule kule. Sisi tulilijua hilo siku akaunti yetu ya mauzo ilipofungiwa."

Nilihisi hasira mpaka masikioni. Ningeweka diski ile kabatini na kulala nikijiona salama. Niliwasha mtandao tena, nikavuta kiti, nikamwambia siondoki dukani kwake mpaka nimeona kifua cha yule mama wa Choma bila intaneti. Alicheka, akaagiza chai. Tulipekua programu ile kipengele kwa kipengele, yeye akihudumia wateja na kurudi, mpaka tukapata mahali pa kupakua kila kitu kama jedwali la kawaida, picha zikija kwenye folda yake. Nikazima intaneti, nikafungua. Kifua kilikuwepo, na kiuno, na mkono.

Tangu hapo kila Ijumaa, jirani akifunga duka kwa ajili ya swala na wateja wakipungua mtaani, mimi napakua huku, mdogo wangu kule. Nakala moja inakaa kwangu, nyingine Bukene, na diski zote mbili tumezifunga kwa neno la siri, maana vipimo vya mwili wa mtu si vya kuzagaa. Mdogo wangu aliniomba nimwondolee ruhusa ya kufuta. Nilikataa. Tulikubaliana kwamba hakuna anayefuta kitu, mimi wala yeye, kabla hajampigia mwenzake.

Majoho ya kwaya tuliyawahisha. Moja lilikuwa na mikono mirefu, tukalipunguza pale pale kanisani kabla ibada haijaanza.

Baadaye nilitaka kujua kama mdogo wangu anaweza kujiokoa bila mimi. Nilimpigia, tukafuta kwa makusudi vipimo vya mteja mmoja, vyangu mwenyewe, nikamwambia avirudishe kutoka kwenye diski yake. Nilikaa na simu mezani huku nikishona pindo, nikijizuia kumpigia.

Ilipoita, sauti yake ilikuwa imechangamka. "Vimerudi, dada. Kiuno chako hiki cha lini, lakini? Sasa tufute vyangu, uvirudishe wewe."