Hita yetu imetoa maji baridi

Akiru wangu amefungua bomba la hita mwenyewe, akaingia chini yake, akacheka.
Akiru huyu huyu, anayelia kila mchana nikimuogesha!

Mnajua maji ya tangi la paa hapa Lodwar, saa nane yanachoma.
Baba yake aliponunua hita kule mjini Lokichar, nilimuuliza, "Baba Akiru, jua halikutoshi?"

Sasa leo asubuhi nimemwaga maji ya hita pamoja na chumvi iliyoganda chini yake, kama fundi alivyosema. Nikajaza maji mapya, nikasahau kuiwasha.
Kumbe lile tangi lake nene limetunza ubaridi wa asubuhi mpaka saa hizi.

Jamani, nani mwingine ana hita ya kupoza maji?
Siiwashi tena mchana.

Ngojeni, Baba Akiru ananiita, anataka nimwambie mbele ya mama mkwe kwamba hita yake haikuwa hasara.