Bakuli la Basbasi

Kila ninaposaga pilipili za kijani na kitunguu saumu, harufu hunirudisha jikoni kwetu Garissa, ukame ulipokuwa umemaliza ngamia wetu wote. Wageni walikuwa njiani kuja kumposa dada. Sambusa zilikuwa tayari, lakini basbasi, ile sosi yetu ya pilipili ya kuchovyea, haikuwa na maziwa lala, na mfugaji kukosa maziwa mbele ya wakwe ni aibu kubwa.

Mama alikoroga uji mwepesi wa unga wa msaada, akaukamulia ndimu mpaka ukawa mchachu, akatia pilipili.

"Ya Allah, usituaibishe leo," alirudia.

Shangazi wa bwana harusi alichovya wa kwanza. Akaacha kutafuna, akamtazama mama. Kisha akalivuta bakuli mapajani mwake.

"Hii sigawi na mtu, wallahi," aliwaambia wenzake.

Akaila yote peke yake, jasho likimtiririka. Wenzake walikula sambusa kavu.

Walipoondoka, nilisema yule shangazi ni mlafi. Mama alinizaba kofi, halafu akaketi chini, akalia.