Kisu cha Vijiko

Nilipoolewa Newala nilivijua vyombo vya kazi vya mume wangu kabla sijayajua majina ya majirani. Si kwamba nilipenda ufundi. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, basi. Mimi ni mtoto wa misheni ya Masasi. Wazazi wangu walikombolewa utumwani wakaletwa kuishi chini ya ile milima ya mawe, na pale tulisema Kiswahili, tukasali kwa Kiswahili, na mimi nikafundishwa na kuandika. Kule juu kwenye uwanda wa Newala wanawake walisema Kimakonde tu, nami Kimakonde changu kilitosha kuombea chumvi. Babu zangu siwajui, ukoo sina, uso wangu hauna chale hata moja. Waliniita yule wa chini, na sikuona kosa lao, maana kweli nilipanda kutoka chini.

Mume wangu alikuwa mhunzi na mchongaji. Kiswahili alikijua kwa kuuza vitana na vikopo vya tumbaku Masasi, na ndiko alikoniona. Jioni, akimaliza kazi, nilikaa kwenye kibanda chake nikatoa vyombo kikapuni kimoja kimoja nikimuuliza, "Na hiki je?" Vingi havikuwa na jina, kwa sababu alivitengeneza mwenyewe kwa kazi moja tu. Kulikuwa na panda ya mti yenye kabari, ya kubania kitana wakati wa kukichonga meno. Kulikuwa na keekee ya kutobolea matundu, ambayo ncha yake ilikuwa ubavu wa mwavuli. Mwavuli wenyewe aliununua Lindi kwa majivuno mengi, ukavunjika siku ya kwanza ya upepo. Nilimcheka mwaka mzima kwa mwavuli ule.

Chombo kimoja hakikukaa kikapuni. Kilikuwa kisu kifupi cha mpini mrefu, ncha yake imepinda kama kidole kinachokuita, nacho alikichomeka kwenye makuti ya paa, juu ya mlango. Nilipokiuliza alinijibu bila kunitazama.

"Hicho ni cha kuchongea vijiko."

"Mbona sijaona kijiko?"

"Chako kinakuja, usiwe na haraka."

Nikamwambia nitakula kwa mkono mpaka nizikwe. Akacheka, lakini kisu akakipandisha juu zaidi.

Uwanda ule hauna maji. Tulishuka bondeni alfajiri, tukarudi na mitungi jua limeshakuwa kali, na njia nzima wenzangu walizungumza na mimi nikasikiliza. Siku moja nilibaki nyuma, shingo inauma, nikaingia kichakani kupumzika. Nikatua mtungi mchangani. Ndipo nikasikia chuma kikikwangua mti. Mume wangu alikuwa amekaa mgongo kwangu, amepakata uso wa mti. Ulikuwa uso wa mwanamke, una chale mashavuni na ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, kwenye mdomo wa juu, macho yake mipasuko miwili, na yeye alikuwa akiuchimba kwa ndani, polepole, kwa kisu kile kilichopinda.

Nilielewa papo hapo nilichokiona. Watoto wanapotoka jandoni na unyagoni, huja kwenye ngoma kiumbe chenye uso wa mti, na wanawake tunaambiwa ni mfu aliyefufuka makaburini. Kinapotokea tunakimbia na kupiga mayowe. Mwanamke haifai kujua kwamba ndani yake mna mtu, sembuse kujua fundi aliyeuchonga ule uso. Nikajitwika mtungi taratibu nikarudi nyumbani.

Kwenye ngoma ile, ule uso ulipotokea, nilikimbia kuliko wote. Jirani yangu, mwanamke wa makamo aliyekuwa na nyumba ya pili kutoka kwetu, alinishika mkono tukajitupa nyuma ya ghala lake tukihema. Nikamwangalia, akaniangalia. Machoni mwake nikaona kwamba anajua, tena amejua miaka mingi, na kwamba wote wanajua na wote hawajui. Tukacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na mwanamke mwenzangu kule juu. Kuanzia siku hiyo jirani yule alinisubiri kwenye njia panda nilipokwenda majini.

Kwa hiyo nilinyamaza. Hata mume wangu sikumwambia. Nilijiona nimepewa kitu cha kutunza pamoja na wenzangu, nami sikuwa nimewahi kupewa kitu kama hicho.

Kisha vikaja vita vya maji. Watu walikunywa dawa wakaamini risasi za Mjerumani zitageuka maji, na tuliokuwa kule juu tulisikia habari kabla ya kuona moshi. Misheni ya Masasi ilichomwa. Mama yangu alikimbia na wenzake kuelekea pwani na sikupata habari zake tena. Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa akaja akida.

Akida huyu alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake safi, na kazi aliyotumwa na Wajerumani ilikuwa kukusanya bunduki. Gobori likionekana nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba alifungwa mnyororo. Mtu mmoja, na simjui mpaka leo, alimwambia kwamba mume wangu anatengeneza bunduki za waasi. Haikuwa kweli. Askari wakamchukua asubuhi moja akiwa na unga wa mti mkononi, wakampeleka kwa akida, mwendo wa kutoka jua kuchomoza mpaka adhuhuri.

Siku ya tatu akida alikuja mwenyewe na askari wawili. Walitandika mkeka wangu uani wakamwaga kikapu juu yake. Mmoja alipapasa paa akakiona na kile kisu, akakitupa pamoja na vingine. Kijiji kizima kiliitwa. Wanaume walisimama upande mmoja, mbele yao mjomba wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao. Wanawake walisimama upande wa pili, na jirani yangu kati yao.

Akida alikuwa na karatasi mkononi.

"Mumeo ameeleza kila chombo ni cha nini," aliniambia. "Nimeandika. Sasa eleza wewe. Mkisema mamoja, atalala hapa kwako kesho. Mkitofautiana nitajua kuna la kufichwa, naye atakwenda Lindi."

Nilikaribia kucheka kwa furaha. Mtihani gani huu! Jioni zangu zote za upweke zilikuwa zimenifundisha hiki. Nilipiga magoti kwenye mkeka nikaanza kushika chombo kimoja kimoja. Tezo, ambayo bapa lake lilikuwa jembe lililochakaa. Majani ya msasa ya kulainishia mti. Nyundo ya kufulia chuma, yenye kichwa kilichopasuka upande. Panda na kabari ya kubania vitana.

"Na hii? Si ya kutobolea mtutu?"

"Ni keekee, Bwana. Ncha yake ubavu wa mwavuli. Ukitoboa chuma kwa hiyo, mwavuli utalia." Askari mmoja alicheka. Akida alitazama karatasi.

Akainua chuma kirefu chembamba. Hapo palikuwa na hatari, maana kile kweli kilitoka kwenye bunduki. Kilikuwa mdeki, chuma cha kushindilia baruti, alichokiokota porini miaka ya nyuma.

"Kilikuwa mdeki," nikasema. "Sasa ni cha kuchomea maua kwenye vikopo vya tumbaku. Tazama ncha yake ilivyoungua."

"Ndivyo alivyosema," akida akajibu, na nikamsikia mjomba wa mume wangu akishusha pumzi.

Kikabaki kisu kilichopinda.

Nilikishika nikakitazama. Upande wangu wa kulia wanaume walikuwa wakikitazama kile kisu, na upande wa kushoto wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa. Nilifikiri haraka kama mtu anayevuka mto uliojaa. Mume wangu alikuwa mbele ya mgeni, mtu wa pwani asiyepitia jando la kule juu. Asingeitoa siri ya wanaume kwa mtu kama huyo, hata kwa mnyororo. Angesema alichoniambia mimi. Na mimi, nikisema hivyo hivyo, nitamwokoa mume wangu na siri itabaki. Nakumbuka fahari niliyoiona wakati ule. Nilijiona Mmakonde kamili, mwenye chale uso mzima.

"Hiki," nikasema, "ni cha kuchongea vijiko."

Akida akatabasamu. Akaisoma karatasi kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha askari mmoja akarudia kwa Kimakonde:

"Kisu kilichopinda. Ni cha kuchimbia ndani ya uso wa mti unaovaliwa na mchezaji..."

Askari hakumaliza. Wanawake walipiga mayowe, yale yale ya siku ya ngoma, wakaziba masikio na kutawanyika wakijikwaa, ili maneno yale yasiwe yamesikika. Wanaume waligeuza nyuso. Na mimi nilibaki nimepiga magoti na kisu mkononi.

"Ni kweli!" nilipiga kelele. "Ni kama alivyosema! Nilimwona kwa macho yangu, kichakani, akichonga kwa kisu hiki hiki!"

"Ulimwona," akida alisema. "Umemwona baada ya mimi kusoma."

Niliapa kwa Mungu wa misheni na kwa mama yangu. Nilieleza ule uso, chale zake, ndonya yake, mbele ya mjomba na ukoo wote, askari akirudia kwa Kimakonde. Kila neno lililonitoka lilikuwa la kumkomboa mume wangu, na kila neno lilikuwa marufuku. Mjomba alijifunika shuka kichwani akaondoka. Akida akaamuru wachukue keekee na mdeki. Kisu akakisukuma kwa mguu kuja kwangu.

"Baki na kisu chako cha vijiko," alisema.

Mume wangu alipelekwa Lindi bila kupita kwetu.

Hawakunifukuza, sitawasingizia. Waliniletea mtama msimu ule, mjomba akanitengenezea paa. Lakini kesho yake nilipokwenda majini, jirani yangu hakuwa kwenye njia panda. Nilisubiri mpaka umande ukakauka. Nilipomkuta bondeni nikamwamkia kwa Kimakonde, akaniitikia kwa upole kabisa, akajitwika mtungi wake akatangulia. Ilikuwa hivyo hivyo mpaka alipokufa. Kwenye ngoma nilikimbia na kupiga mayowe kama zamani, ila nilikimbia peke yangu, na hakuna aliyenishika mkono.

Nilimkasirikia mume wangu. Niseme kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomlilia. Mimi nimeitunza siri yao, yeye mwenye siri anaibwaga kwa akida! Nilimwona mwoga. Hasira ile ilinipikia, ilinilaza na kuniamsha, na kwa mtu anayeishi peke yake hata hasira ni mwenzi.

Kisha akaja mtu aliyefunguliwa mnyororo, mgonjwa, anarudi kwao Chiungutwa. Alikuwa amefungwa pamoja na mume wangu, shingo kwa shingo, mpaka siku walipotenganishwa na yeye kubaki Lindi. Mume wangu alipelekwa kubeba mizigo, yeye hajui wapi. Nilimpa uji. Akala, ndipo akasema ana ujumbe.

"Mumeo alisema nikikupata nikwambie hivi. Siku ile kichakani aliiona alama ya duara ya mtungi wako mchangani, bado mbichi. Alijua umeona. Akasubiri umwambie, hukumwambia, akaona umemstahi, naye akanyamaza. Kwa akida alisema kweli kwa sababu yako. Alisema, mke wangu ni mtoto wa misheni, hajui kusema uongo, na mimi sitaki aonekane mwongo."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo, akarudia. Niliingia ndani nikaketi chini ya mlango, pale kisu kilipokuwa kimechomekwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tulifichana uchi ambao kila mmoja alikwisha kuuona. Alininyamazia kwa heshima, nami nikamnyamazia kwa heshima, mpaka heshima ikamfunga mnyororo. Neno moja lingetosha. Jioni moja tu, kibandani, ningeshika kisu na kusema, "Na hiki je, kweli?"

Nilikichukua kile kisu siku hiyo hiyo nikatafuta kipande cha mti laini. Mwanamke hachongi kule juu, lakini nani angenikataza, na kwa kunipeleka wapi? Kijiko cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoboka katikati. Nilijikata kidole gumba, alama ninayo. Nilijifunza kwamba ile ncha iliyopinda inataka uivute kuja kwako, usiisukume, na kwamba inachimba kijiko vizuri kana kwamba haikutengenezwa kwa kazi nyingine.

Nimezeeka sasa. Sikuolewa tena, na mume wangu hakurudi. Watu wakipita huniuliza kisu gani hicho cha ajabu, na mimi huwajibu jibu lile lile nililompa akida, ila siku hizi ni la kweli. Vijiko vimejaa vikapuni, vimechomekwa kwenye paa, vimelala chini ya kitanda. Mlaji ni mmoja. Bado nachonga, ili akirudi asinikute mwongo.